Mwaka wa Shule Unapofungwa

Msomaji wangu, hapana haja ya kukueleza jinsi siku ya kufunga shule ilivyo, maana wewe waijua kuliko mimi. Masanduku ya bati yamepangwa ukutani tangu alfajiri, magodoro yamekunjwa na kukazwa kwa kamba, na kelele za wanafunzi zimepita kipimo ambacho mwalimu wa zamu angekivumilia siku nyingine yoyote. Ikiwa shule yako ni ya Kikatoliki, padre amekwisha soma misa ya shukrani; mkuu wa shule ametoa hotuba, ndefu kidogo kuliko alivyoahidi; waliofaulu wamepewa zawadi zao na kupigiwa makofi. Kabla jua halijafika utosini, uwanja ni mtupu, na paka wa jikoni ndiye mwenye shule.

Watu wengi hudhani ya kuwa mwaka wa shule umekwisha hapo. Mimi naona kwamba haujaisha. Mwaka wa shule huisha asubuhi moja ya mwezi wa Januari, mwalimu anapofungua rejista mpya na kuyaita majina. Aitikaye yupo. Asiyeitika huitwa mara ya pili, kisha kalamu hupita. Alama za mtihani hutangazwa na kuandikwa magazetini, nasi huzijadili mpaka koo zikauke. Lakini hesabu hii ya Januari, ya nani amerudi na nani hakurudi, hubaki ndani ya rejista tu, na rejista huliwa na mchwa. Nataka kukuonyesha ya kuwa katika sehemu za Bungoma na Kitale, huko magharibi ya Kenya, historia ya shule za misheni yaweza kusomwa ndani ya hesabu hiyo.

Kwanza yatupasa kuyatazama majira. Katika nchi hii miaka mitatu hufikia mwisho karibu kwa wakati mmoja. Mwaka wa Kanisa hutangulia mwaka wa kalenda: Jumapili yake ya mwisho, sikukuu ya Kristo Mfalme, huangukia mwishoni mwa Novemba, na Jumapili ifuatayo Majilio huanza. Novemba yenyewe ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Mwaka wa shule, ulioanza Januari, nao hufungwa karibu na mwezi huo. Na mwaka wa tatu ni ule wa shamba. Kitale ni mji wa Trans Nzoia, nchi ya juu yenye baridi, iliyo kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Mahindi yake hupandwa Machi na Aprili, nayo hukawia kukomaa, hata mavuno yakaanza Oktoba na kuendelea mpaka Desemba. Bungoma iko chini zaidi, na mahindi ya huko hutangulia kuiva. Basi mtoto wa Kitale anayefunga shule hatoki kazini kwenda mapumzikoni. Hutoka katika kazi moja akaingia katika nyingine. Na ada ya Januari imo ndani ya mahindi yale yale anayoyavuna. Yakinyeshewa yangali hayajakauka, au yakiuzwa kwa bei ya kutupa, mwalimu ataita jina na hapana atakayeitika.

Kabla ya shule kuja, Wabukusu wa Bungoma walikuwa na hesabu yao ya miaka, na hesabu hiyo ingali hai. Ni hesabu ya marika manane, yanayofuatana na kurudi kama gurudumu: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Vijana hutahiriwa mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, na kila aliyetahiriwa huingia katika rika lake, wala hatoki humo mpaka afe. Katika hesabu ile hakuna jina linalokatwa kwa sababu ya ada wala kwa sababu ya alama. Naomba uliweke jambo hilo akilini, maana shule ilikuja na hesabu ya namna nyingine kabisa.

Mwaka 1895 majeshi yaliyoongozwa na Mwingereza C. W. Hobley yalizivunja ngome za Wabukusu za Lumboka na Chetambe. Kilima cha Chetambe kiko karibu na mji wa Webuye, na mpitaji aweza kukiona mpaka leo. Katika mwaka uo huo wa 1895, mbali upande wa magharibi, mapadre wa kwanza wa shirika la Mill Hill waliwasili Buganda. Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1866 katika kijiji cha Mill Hill karibu na London. Mapadre wale hawakuwa na habari ya Chetambe, na watu wa Chetambe hawakuwa na habari yao. Lakini wamisheni hao walisogea mashariki pole pole: mwaka 1903 walikuwa Kisumu, mahali ambapo reli ilikuwa imefika miaka miwili kabla, na mwaka 1904 walikuwa Mumias. Mwaka 1925 sehemu hizi zilitengwa na Uganda zikafanywa jimbo la pekee, lililoitwa Kavirondo kwa jina la wakati ule. Misheni ya Kibabii, karibu na Bungoma, ilifunguliwa katika miaka ya mwanzo ya 1930. Fanya hesabu, msomaji. Mzee mwenye miaka hamsini aliyempeleka mwanawe Kibabii alikuwa kijana wa miaka kama kumi na mitano Chetambe ilipoanguka. Aliyemkabidhi mtoto wake kwa mgeni alikuwa ameshuhudia mgeni anaweza kufanya nini.

Shule za kwanza zilikuwa vibanda vya nyasi. Katekista alifundisha kusoma kwa kitabu cha katekisimu, na watoto walikuja na kwenda kama kazi za nyumbani zilivyoruhusu. Miongoni mwa waliopita Kibabii alikuwamo mtoto mmoja aliyezaliwa mwaka 1923, mwana wa chifu Sudi Namachanja. Watu walitazamia kwamba atarudi nyumbani ashike kiti cha baba yake. Hakurudi. Alikwenda seminari ya Kakamega, kisha Gaba katika Uganda, kisha Rumi, na huko akapewa upadre mwaka 1950. Mtoto huyo ndiye Maurice Otunga, aliyeteuliwa kuwa askofu mwaka 1956, na mwaka 1973 akawa kardinali wa kwanza wa Kenya. Alifariki mwaka 2003.

Habari zake hupendwa sana katika hotuba za kufunga mwaka, na si kosa. Lakini mimi, kila ninapozisikia, hujiuliza swali lisilokuwa na adabu: wale waliokaa naye katika benchi moja walikwenda wapi? Otunga naye ni jina lililokosekana Januari moja nyumbani kwao. Kutorudi kwake kulizaa sifa, ndiyo sababu tunakukumbuka. Wengine hawakurudi kwa sababu baba alikufa, au ng'ombe walikosa mchungaji, au msichana alikuwa amechumbiwa, na hapana hotuba inayowataja.

Upande wa Kitale hali ilikuwa nyingine. Trans Nzoia ilikuwa imetengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya walowezi wa Kizungu, na reli ilifika Kitale mwaka 1926 ili kuyachukua mahindi yao. Mwafrika aliyeishi huko aliishi kwa idhini ya mwenye shamba. Wabukusu wengi walivuka kutoka Bungoma wakawa maskwota: walipewa kipande cha kulima na mahali pa kulishia mifugo michache, na kwa malipo hayo walifanya kazi ya mlowezi. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Baadaye siku ziliongezwa na mifugo ikapunguzwa. Sasa mfikirie mwalimu katika shule ndogo iliyo pembeni ya shamba kama hilo. Mkataba wa baba ukikatizwa, jamaa nzima hufunga mizigo kabla ya juma kwisha. Mtoto haagi, wala barua haiandikwi. Mwalimu huita jina, akaita tena, na darasa humtazama. Sijui kama kuna shule yoyote iliyoweza kujiita jumuiya kwa taabu kubwa kuliko zile za mashambani, maana nusu ya jumuiya yake yaweza kufukuzwa na mtu asiyekuwa hata mzazi wa mmoja wao.

Yasidhaniwe pia ya kuwa watu wote waliitaka misheni. Elijah Masinde, Mbukusu wa sehemu za Kimilili, alikuwa amelelewa katika misheni ya Marafiki kabla ya kuiongoza Dini ya Msambwa, iliyowaita watu warudie mila za mababu na kuwataka Wazungu waondoke katika nchi. Katika Februari 1948 umati wa wafuasi ulikwenda hata misheni ya Kibabii kuwadai mapadre waondoke. Siku chache baadaye, tarehe 10 Februari, polisi waliupiga risasi umati wa wafuasi hao huko Malakisi, na watu 11 wakauawa. Masinde alikamatwa akahamishwa mbali na kwao kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka wa shule ulikuwa umeanza tu majuma machache kabla. Wako watakaosema hayo ni mambo ya siasa, si ya shule. Lakini ardhi iliyolalamikiwa na wafuasi wale ilikuwa ndiyo hiyo ya Trans Nzoia, na watoto waliokaa darasani Kibabii walikuwa watoto wa vijiji hivyo hivyo. Asubuhi ya tarehe 11, mwalimu alipoita majina, hapakuwa na njia ya kuweka siasa nje ya mlango.

Baada ya hayo likaja chekecheke la mtihani. Mwaka 1949 kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher, shemasi mkuu wa Kanisa la Kianglikana, ilitoa ripoti juu ya elimu ya Waafrika. Kwa mpango uliofuata, masomo yaligawanywa katika vipande vitatu vya miaka minne minne. Mwisho wa darasa la nne palikuwa na mtihani wa kuchuja. Mwisho wa darasa la nane palikuwa na mtihani mwingine, uliojulikana kwa jina la KAPE. Na sekondari nayo ilikuwa na michujo yake. Waafrika wengi waliuchukia mpango huo, nao walikuwa na haki. Mtoto wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili aliyeanguka darasa la nne aliambiwa kwamba amekwisha elimika. Tazama basi siku ya kufunga shule ilivyogeuka. Zamani ilikuwa siku ya kuagana mpaka Januari. Sasa kwa wengi ilikuwa siku ya kuagana tu. Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa la nne katika Novemba alijua kuwa sehemu kubwa ya nyuso zile hataziona tena, nao hawakujua ni nani. Misa ya shukrani ilisomwa vile vile.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, wakati shule zimefungwa. Mashamba ya walowezi yalianza kununuliwa na kugawanywa. Penye shamba la mtu mmoja palitokea vijiji, kama vile Naitiri, Ndalu na Tongaren, na makundi ya watu yalikusanya fedha yakanunua mashamba katika Trans Nzoia. Kwa mara ya kwanza rejista za Kitale zilianza kujaa majina ya watoto ambao baba zao hawakuweza kufukuzwa mwisho wa mwezi. Katika Bungoma pia watu walijenga shule za harambee kwa matofali waliyoyachoma wenyewe, maana kiu ya sekondari ilikuwa kubwa kuliko shule zilizokuwapo.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, na jambo hili wanafunzi wengi wa shule za Kikatoliki hawalijui, ingawa wanaishi ndani yake. Kwa sheria hiyo serikali ilishika usimamizi wa shule: walimu, mishahara na mitihani. Misheni, iliyokuwa mwenye shule, ikawa mdhamini. Padre alibaki na kanisa dogo, somo la dini, na sauti katika bodi. Wazee wengine wa Kanisa walilia kwamba wamenyang'anywa. Kwa maoni yangu walipoteza mamlaka, lakini walipata kitu ambacho hawakukitazamia. Zamani padre ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumfukuza mtoto. Tangu hapo akawa mtu ambaye mtoto aliyefukuzwa kwa kukosa ada aweza kumkimbilia.

Mipaka ya Kanisa nayo ilibadilika, nami nitapita hapo upesi. Trans Nzoia iliwekwa chini ya Eldoret, jimbo lililotengwa mwaka 1953 na kukabidhiwa mapadre wa Kiltegan kutoka Ireland. Bungoma ilifuata Kisumu, kisha Kakamega tangu 1978, mpaka ilipopewa askofu wake mwaka 1987. Kitale ilifanywa jimbo mwaka 1998. Kibabii yenyewe leo ina chuo kikuu cha serikali, kilichopewa hati yake mwaka 2015.

Desemba mbili nataka tuzitazame kwa utulivu. Katika Oktoba 1991 mapigano yalizuka Meteitei, katika Nandi, na kabla mwaka haujaisha yalikuwa yamefika Trans Nzoia na Mlima Elgon. Majirani waliokuwa wamepelekana mavuno walichomeana nyumba. Watu walikimbilia Endebess, Kitale, Kimilili na Bungoma, na wengi wakalala katika viwanja vya makanisa. Kamati ya Bunge iliyochunguza mambo hayo mwaka 1992 ilionyesha ya kuwa wanasiasa walikuwa na mkono ndani yake, na maaskofu Wakatoliki katika mwaka huo walitoa barua ya kuilaumu serikali waziwazi. Mara ya pili, uchaguzi ulifanywa tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo yalipotangazwa tarehe 30 nchi ikawaka. Katika Kenya nzima watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na waliotoka makwao wakakadiriwa kupita 600,000. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale uligeuka kambi. Kwenye Mlima Elgon vita vya ardhi vilikuwa vikiendelea tangu mwaka 2006, na jeshi likaingizwa huko Machi 2008.

Katika Januari 2008 ilibidi kufungua shule kuahirishwe. Zilipofunguliwa, hesabu ilikuwa ya ajabu: darasa moja lilikuwa na madawati matupu, na jingine, karibu na kambi, lilikuwa na watoto watatu katika nafasi ya mmoja. Hapo ndipo ningependa usimame kidogo, msomaji, umfikirie mwanafunzi mwenzako aliyefika bila sare, bila kitabu, bila cheti cha kuhamia, naye akitoka katika kabila ambalo wiki mbili zilizopita lilitajwa kwa laana nyumbani kwenu. Mwalimu anaandika jina lake chini kabisa ya orodha, kwa kalamu, kwa sababu orodha ilikuwa imekwisha pigwa taipu. Anaitwa mara ya kwanza. Darasa zima linageuka. Vitabu vya historia huandika mapatano yaliyotiwa sahihi Nairobi tarehe 28 Februari 2008, na ni haki yaandikwe; ila kulikuwa na mapatano mengine yaliyopaswa kufanywa na watoto wa miaka kumi na mitano, kwenye dawati moja, pasipo shahidi.

Na upo mwaka mmoja ambao haukufungwa kabisa. Katika Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Hapakuwa na hotuba, wala zawadi, wala misa. Wanafunzi waliambiwa waende nyumbani, na wengi waliacha masanduku yao wakidhani watarudi baada ya juma chache. Waliokuwa katika darasa la nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12. Wengine wote walikaa nyumbani mpaka Januari 4, 2021. Novemba ilipita na mahindi yakavunwa, ila mikono ilikuwa mingi kuliko kawaida, na wavulana walioonja ujira wa kupakia magunia au wa kuendesha bodaboda waliona dawati limekuwa dogo. Wasichana wengi katika nchi walikuwa wamekwisha kuwa mama.

Kalenda ilipofukuzwa ili irudi mahali pake, miaka ilibanwa. Mtihani wa darasa la nane wa mwaka 2020 ulifanywa Machi 2021. Ule wa 2021 ulifanywa Machi 2022. Na ule wa 2022 ukafanywa Novemba ya mwaka huo huo, hata mwaka mmoja wa kalenda ukawa na mitihani miwili ya mwisho. Wakulima wa Trans Nzoia hawakuweza kuibana miaka yao namna hiyo. Ada ziliitishwa mahindi yakiwa bado magoti. Mtihani wenyewe, ule wa KCPE, uliokuwa umeanza mwaka 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023.

Katika Januari 2023 mwaka wa shule ulianza tena katika mwezi wake. Huko Kitale mabua yalikuwa yamekauka shambani, na ng'ombe wameachiliwa humo. Walimu walifungua rejista mpya, wakaanza na herufi ya kwanza.